Ravioli na gnudi za spinachi na jibini: namna ya kuzipika nyumbani zisipasuke wala kuyeyuka

Maswali ni yaleyale. Mbona ravioli zangu zinapasuka majini? Mbona gnudi zimegeuka uji wa kijani? Naweza kutumia mchicha? Mengi kati ya hayo yana mzizi mmoja, nao ni maji. Spinachi ina maji, ricotta (jibini laini ya Kiitaliano) ina maji, na anayeanza huwa na haraka ya kufika kwenye kuunda kabla hajayatoa. Kwa hiyo mwongozo huu utakaa sana kwenye kukamua na kukausha. Usiruke sehemu hiyo.

Tunapika vitu viwili kwa mjazo mmoja. Ravioli ni mjazo uliofungwa ndani ya manda ya unga na mayai. Gnudi, chakula cha Toscana, mkoa wa Italia, ni mjazo huohuo usio na manda, umefinyangwa vitonge na kuchemshwa. Jina lenyewe maana yake ni "uchi": ravioli iliyovuliwa nguo. Herufi gn za Kiitaliano husomwa ny kama ya nyumba, basi sema "nyudi". Kule Siena, mji wa Toscana, utasikia pia malfatti, yaani "zilizoundwa vibaya", kwa hiyo usijali umbo lako likikaa upande.

Gnudi ni za haraka lakini hazivumilii hata kidogo mjazo wenye maji. Ravioli zitakula saa mbili na nusu za siku yako, ila manda inakulinda kidogo. Chagua moja kwa mara ya kwanza.

Vinavyohitajika (watu 4)

Mjazo:
- spinachi mbichi, karibu kilo 1 pamoja na mashina. Unachotafuta ni gramu 200 baada ya kuchemsha na kukamua
- ricotta gramu 350, ikiwa imeshachujwa maji
- Parmigiano Reggiano au Grana Padano (jibini ngumu za Kiitaliano) gramu 80, ikwaruzwe wakati wa kuitumia
- kiini cha yai 1
- siagi kijiko 1 cha chakula
- kungumanga nzima, ya kukwaruza kidogo
- chumvi

Manda za ravioli:
- unga mweupe wa ngano gramu 300 (si atta)
- mayai 3 makubwa, au gramu 165 za yai bila ganda

Kwa gnudi hutahitaji manda. Badala ya kiini, tia yai zima 1 na unga gramu 50, na uwe na unga mwingine pembeni.

Kumalizia: siagi gramu 80, majani 10 ya salvia (kwa Kiingereza sage) ukiyapata, na Parmigiano zaidi ya kunyunyizia.

Vyombo: mizani ya jikoni, sufuria ya lita 5 au zaidi, kibao na kifimbo cha kusukumia chapati, kisu kikali, kitambaa safi cha pamba au kile cha kuchujia tui, upawa wenye matundu, sinia, na suji ya kunyunyizia. Mashine ya kusukumia pasta inarahisisha, lakini mikono iliyozoea chapati haiihitaji.

Pima mayai. Yai la kuku wa kienyeji ni dogo. Matatu hayatoshi gramu 300 za unga, mara nyingi utahitaji manne. Lakini kiini chake cha njano iliyokolea ndicho kinachoipa manda rangi nzuri, hivyo ukiyapata yatumie.

Kwanza, spinachi ipi na jibini ipi

Majani makubwa yenye shina nene jeupe yanayouzwa sokoni Nairobi, Arusha au Dar es Salaam kwa jina la spinachi, kwa kweli ni jamaa wa kiazisukari. Waitaliano huyaita bietola, na spinachi yao ni mmea mwingine wenye majani madogo, laini. Hilo lisikutie wasiwasi. Watu wa Parma, mji wa Italia, wana tortelli d'erbetta, ambazo ni pasta za kujazwa kwa majani ya jamii hiyohiyo na ricotta, na huliwa usiku wa kuamkia sikukuu ya Mtakatifu Yohana, tarehe 23 Juni. Kwa hiyo spinachi ya sokoni kwetu imo kabisa ndani ya mila. Ondoa tu mashina, yana nyuzi na maji mengi. Yakaange siku nyingine.

Mchicha nao unafaa ukiwa mchanga. Uliokomaa una nyuzi na ladha inayokaribia udongo, itaizidi ricotta. Spinachi iliyogandishwa ya dukani inafaa pia, bora uikamue kwa nguvu ileile.

Ricotta maana yake "iliyopikwa tena": hutengenezwa kwa kupasha moto upya maji ya maziwa yaliyobaki baada ya kutengeneza jibini nyingine. Malindi, ambako Waitaliano wameweka makazi miaka mingi, si vigumu kuipata. Miji mikubwa nayo inayo kwenye maduka makubwa. Ukiikosa, tengeneza mbadala. Pasha moto lita 3 za maziwa yenye mafuta yake yote mpaka karibu nyuzijoto 90, yaani mapovu yanapoanza ukingoni lakini hayajapanda. Mimina vijiko 6 vya chakula vya maji ya ndimu, koroga mara mbili tu polepole, zima moto, acha dakika 10. Mabonge yatajitenga na maji ya kijani-njano. Maji yakibaki meupe kama maziwa, ongeza kijiko kimoja cha ndimu. Chuja kwa kitambaa. Utapata karibu nusu kilo. Usitumie maziwa ya pakiti yanayokaa miezi nje ya friji, hayagandi vizuri.

Mtindi hauwezi kushika nafasi ya ricotta. Jibini laini ya kupaka mkate pia hapana, inayeyuka na kukimbia.

Hatua za mjazo (kwa ravioli na gnudi)

1. Usiku wa kuamkia siku ya kupika, weka ricotta ndani ya kitambaa juu ya chujio, chini weka bakuli, funika, tia kwenye friji. Asubuhi tupa maji. Jaribio: weka kijiko kimoja cha ricotta juu ya karatasi ya jikoni, ngoja dakika 5. Karatasi ikilowa na duara likatanuka kuzunguka ricotta, bado. Rudisha kwenye chujio.

2. Osha majani mara mbili, hasa ya msimu wa mvua yenye mchanga. Chemsha maji, tia chumvi, tumbukiza majani dakika 2 au 3. Yatoe, yamwagie maji baridi ili rangi isife.

3. Kamua. Gawa majani matonge ya kuenea kiganjani na ukamue moja moja, kisha yakusanye yote kwenye kitambaa na ukamue tena kwa kusokota, kama unavyokamua nazi mpaka chicha ikauke. Tonge lililokamuliwa sawasawa linabaki na alama za vidole na halidondoshi hata tone ukilibana. Likidondosha, hujamaliza. Sasa pima gramu 200.

4. Katakata kwa kisu, vipande vidogo sana, nenda na rudi mara mbili. Usitie kwenye blenda. Blenda inayapasua majani yote, maji yaliyobakia yanatoka, na mjazo unakuwa rojo.

5. Yeyusha kijiko cha siagi kwenye kikaango, mwaga spinachi, kaanga kwa moto wa wastani dakika 3 mpaka 4. Mwanzoni mvuke mzito utapanda na sauti itakuwa ya kuchemka. Mvuke ukipungua na sauti ikageuka ya kukaanga, toa. Hatua hii wengi huiruka kwa kudhani wameshakamua vya kutosha. Tandaza kwenye sahani ipoe kabisa, maana ya moto itailegeza ricotta.

6. Changanya ricotta, spinachi, Parmigiano na kungumanga. Onja kabla ya kutia chumvi, jibini ina chumvi yake. Kungumanga ikwaruzwe muda huo, mikwaruzo kama kumi. Ile iliyosagwa na kukaa kabatini miezi haina harufu, na kwa sisi ambao kungumanga inatoka Unguja na Pemba hakuna sababu ya kuitumia. Usiongeze viungo vya pilau wala vitunguu. Mwisho tia kiini (au yai zima, kwa gnudi).

7. Chota mjazo kwa kijiko, ugeuze kijiko juu chini. Mjazo ukining'inia bila kuanguka, uko tayari. Ukiteleza, ongeza kijiko kimoja cha Parmigiano, si unga. Weka kwenye friji nusu saa.

Hatua za manda na ravioli

8. Mwaga unga mezani, fanya shimo katikati, pasulia mayai humo. Koroga kwa uma ukivuta unga wa pembeni kidogokidogo. Hakuna maji ya moto, hakuna mafuta, hakuna hamira. Hii si chapati wala mandazi. Ukishika, kanda dakika 10 kamili kwa kiganja. Donge litaanza likiwa gumu na lenye mikunjo. Likiwa tayari ni laini kama ndewe ya sikio, na ukilibonyeza linarudi taratibu. Mwambao wa pwani unga hunyonya unyevu wa hewa, donge linaweza kunata: nyunyiza unga kidogo, usimwage.

9. Funika kwa bakuli au mfuko wa plastiki, pumzisha dakika 30 nje ya friji. Usipolipumzisha, manda zitakuwa zinajivuta na kurudi kila ukisukuma.

10. Zima feni. Hata siku ya joto, zima. Upepo wa feni ya dari unakausha uso wa manda ndani ya dakika chache, na manda iliyokauka haishikani.

11. Gawa donge sehemu 4. Toa moja, tatu zibaki zimefunikwa. Sukuma kuanzia katikati kwenda nje, ukigeuza robo mzunguko kila mara, mpaka ufikie unene wa chini ya milimita 1. Chapati haifiki huko, kwa hiyo endelea unapodhani umemaliza. Inyanyue manda juu ya gazeti: ukiona herufi kubwa za kichwa cha habari kwa chini yake, inatosha. Wanaotumia mashine waishie namba ya mwisho kasoro moja.

12. Panga mjazo mara moja, kabla manda haijakauka. Kijiko cha chai kilichojaa, kama gramu 10, kwenye nusu moja ya manda, ukiacha nafasi ya sentimita 4 kati ya kitonge na kitonge. Usijaribu kutia zaidi ili ziwe nono.

13. Chovya kidole kwenye maji na upitishe mstari mwembamba kuzunguka kila kitonge. Maji kidogo yanagundisha, maji mengi yanatelezesha. Usitumie gundi ya unga tunayofungia sambusa, ikichemka inageuka ute mzito ukingoni. Kunja nusu ya pili juu.

14. Sasa kazi ya vidole. Anza kubonyeza manda pale inapogusana na mjazo, zungukia kitonge chote, kisha sukuma hewa kuelekea nje mpaka ukingo. Ukianza kubonyeza ukingoni umeifungia hewa ndani. Hewa hiyo itatanuka kwenye maji ya moto na kupasua ravioli hata kama umeifunga vizuri namna gani. Ukiona puto dogo limebaki, litoboe kwa sindano na ubonyeze tena. Mjazo ukigusa ukingo, mafuta ya jibini yatauzuia usishikane, ufute kwanza.

15. Kata miraba ya sentimita 5 kwa kisu, au duara kwa bilauri. Bonyeza kingo kwa ncha za vidole. Uma unapendeza lakini ukikandamiza sana unatoboa. Panga kwenye sinia lenye suji, zisigusane. Unga wa kawaida chini yake utanyonya unyevu na kugeuka gundi, suji haigeuki gundi. Utapata ravioli 50 mpaka 60. Mabaki ya manda usiyakande upya, yatakuwa magumu. Yakate ovyo na uyachemshe kwenye supu ya maharagwe. Waitaliano wana jina lake, maltagliati, "zilizokatwa vibaya".

Hatua za gnudi

Mjazo wako wa hatua ya 7 uwe na yai zima. Ongeza unga gramu 50 na uchanganye kwa mwiko, bila kukanda. Kukanda kunafanya vitonge viwe vya kutafuna.

Kabla ya kuunda vyote, unda kimoja tu, ukubwa wa kaimati ndogo (gramu 25 hivi), ukiviringishe kwenye suji na ukichemshe. Kikishika, endelea. Kikilegea na kuacha mabaki ya kijani majini, ongeza kijiko kimoja cha unga na ujaribu kingine. Ukifika gramu 90 za unga na bado vinayeyuka, tatizo si unga. Rudi hatua ya 3, hukukamua. Ukiendelea kumwaga unga utaishia na matonge mazito yasiyo na ladha ya jibini.

Vikishapita jaribio, viringisha vyote kwenye suji na uvilaze kwenye friji juu ya kitanda cha suji, angalau saa moja. Ukiweza kuvifukia kwa suji usiku kucha ni bora zaidi, kwa sababu suji hunyonya unyevu wa juu na kutengeneza ngozi nyembamba inayokishika kitonge majini.

Kuchemsha na kutia siagi

Lita 4 za maji, gramu 40 za chumvi. Yaache yachemke, kisha punguza moto mpaka yawe yanatetemeka tu. Maji yanayoruka yanapiga ravioli huku na huku na kuzipasua, na gnudi ndizo zinazoumia zaidi.

Tia 15 kwa mkupuo. Ravioli dakika 3 mpaka 4, onja ukingo wa moja: usiwe na kiini kigumu cheupe. Gnudi zitazama, kisha zitaelea. Hesabu dakika 1 baada ya kuelea. Nairobi na miji mingine ya nyanda za juu ongeza kama dakika moja, maana kwenye mwinuko wa mita 1,700 maji huchemka karibu nyuzijoto 94, si 100. Zitoe kwa upawa. Usizimwage kwenye chujio, uzito wa zile za juu utazipasua za chini.

Wakati zinachemka, yeyusha siagi gramu 80 na salvia kwenye kikaango kipana. Itatoa povu, povu litatulia, harufu itakuwa kama ya karanga na chini kutaonekana chembe za kahawia. Hapo tia vijiko 3 vya maji ya kuchemshia pasta na uzime. Ukichelewa nusu dakika imeungua na inachachuka kooni. Zigeuze ravioli humo taratibu, nyunyizia jibini, ziliwe muda huohuo. Ukikosa salvia, siagi na jibini peke yake vinatosha. Watu wa Parma husema tortelli zizamishwe kwenye siagi na zikaushwe kwa jibini. Rojo jepesi la nyanya mbichi linakubalika kwa gnudi. Krimu nzito inaua kila kitu ulichokihangaikia.

Zikiharibika, angalia hapa

Zimefunguka kwenye kingo: manda ilikauka kabla ya kufungwa, au ukingo ulikuwa na unga au mjazo. Zikipasuka katikati, lawama iko kwa hewa, moto mkali, au mjazo uliozidi.

Ukingo mgumu, katikati laini: manda nene. Kumbuka ukingoni zipo mbili zimelaliana, kwa hiyo unene wowote unajirudufu hapo.

Manda zinachanika ukisukuma: donge kavu. Lowesha viganja na ukande dakika 3, kisha pumzisha tena. Usimwagie maji.

Zimenata kwenye sinia na chini kumelowa: zimekaa mno. Mjazo hata ukiwa mkavu hutoa unyevu baada ya saa mbili, na kwenye joto la Mombasa mapema zaidi. Ravioli usizilaze kwenye friji usiku kucha zikiwa mbichi. Kama hupiki muda huo, zigandishe kwenye sinia zikiwa zimeachana, zikishakuwa ngumu ndipo uzimwage kwenye mfuko. Mwezi mmoja hazina shida. Zipike moja kwa moja kutoka kwenye barafu, kwa dakika 1 au 2 zaidi. Ukiziyeyusha kwanza zitakuwa tope.

Mjazo hauna ladha: kwa kawaida ni chumvi au kungumanga ya zamani, mara nyingine ni jibini iliyonunuliwa ikiwa imeshasagwa. Chemsha ravioli moja na uionje kabla hujafunga zilizobaki, bado una nafasi ya kurekebisha bakuli.

Gnudi zimekuwa nzito kama mpira: unga mwingi, au ulikanda. Kwa zilizokwisha kuundwa hakuna la kurekebisha. Zipange kwenye trei, zimwagie nyanya na jibini, uzioke dakika 15 kwenye oveni ya nyuzijoto 200. Zitalika.